Mganga Hajigangi: Chombo cha Kutafutia Makosa Kinapozimika

Wahenga walinena kwamba mganga hajigangi. Usemi huu una maana ya pekee kwa wale wanaoandika programu za kompyuta. Programu inapokwenda mrama, mwandishi wake hutumia programu nyingine, ambayo kazi yake ni kuisimamisha ile ya kwanza katikati ya mwendo, kuonyesha mstari unaotekelezwa, na kufunua yaliyomo katika kumbukumbu. Miongoni mwa vyombo vya namna hii vinavyotumika sana ni GDB, ambacho Richard Stallman alikiandika mwaka 1986 katika mradi wa GNU. Lakini chombo hicho nacho ni programu iliyoandikwa na binadamu, nacho huweza kuzimika ghafla. Je, hapo tufanyeje?

Desturi iliyoenea ni kukianzisha upya na kuomba heri. Kikizimika tena, mtu hukiacha na kurudia kubahatisha. Desturi hii ina madhara kuliko kupoteza muda. Humzoeza mwanafunzi kuamini kwamba vimo katika kompyuta vitu visivyohojiwa. Sayansi haikubali hivyo. Mtaalamu wa maabara akiitilia shaka mizani yake, huijaribu kwanza kwa uzito unaojulikana.

Yafaa tutambue kwamba kuzimika kwa chombo ni ushahidi. Aghalabu sababu huwa mojawapo ya tatu. Kwanza, kompaila inapotafsiri programu huacha ndani ya faili maelezo yanayounganisha amri za mashine na mistari aliyoiandika mwandishi, na GDB huyategemea. Mfumo wa maelezo hayo, uitwao DWARF, ulifikia toleo la 5 mwaka 2017, na kompaila ya GCC 11 ililifanya kuwa la kawaida mwaka 2021. Chombo cha zamani huweza kuyakataa maelezo hayo mapya, au kuyasoma vibaya. Pili, orodha ambayo bado haijajazwa huweza kuonekana kama ina mabilioni ya vipengele; chombo kikijaribu kuisoma, humaliza kumbukumbu yote. Hapa kosa limo katika programu inayochunguzwa, na chombo kimeonyesha dalili tu. Tatu, nyongeza zilizoandikwa kwa lugha ya Python, ambazo mtumiaji amezipachika mwenyewe, huenda zina kasoro.

Njia ya kuzibainisha sababu hizi ni ile ile ya maabara: kubadili jambo moja tu kwa wakati mmoja. Anzisha GDB kwa alama ya -nx, ili isisome faili za matayarisho. Tatizo likitoweka, sababu imo humo. Jaribu programu ya mistari michache. Jaribu toleo jingine la chombo. Mwishowe, iweke GDB ya kwanza chini ya uchunguzi wa GDB ya pili, kama wafanyavyo waundaji wake wenyewe, uone ilikuwa ikitekeleza kazi gani ilipozimika. Mganga hajigangi, lakini hugangwa na mganga mwenziwe.

Kwa hiyo napendekeza kwamba vyuo vyetu vitoe zoezi la namna hii, na vilipe alama kamili. Mwanafunzi apewe chombo kinachozimika, naye aandike taarifa yenye toleo, amri alizotoa na mfano mfupi unaoweza kurudiwa na mtu mwingine. Msimbo wa GDB uko wazi; kila mtu anayo ruhusa ya kuusoma na kuurekebisha. Ruhusa hiyo haina faida kwa mtu aliyefunzwa kwamba chombo kilichotoka mbali hakina budi kuaminiwa. Atakayejifunza kukihoji chombo chake ataweza pia kukitengeneza, na siku moja kuunda cha kwake.