Taa ya Oili Haizimwi kwa Koleo

Katika gereji nyingi za mitambo mikubwa hapa nchini zimeota mizizi desturi mbili ambazo, ingawa huonekana kupingana, hasara yake ni moja. Taa ya mkandamizo wa oili inapowaka katika greda au katapila, fundi mmoja huamua papo hapo kwamba "ni waya tu", akatafuta njia ya kuinyamazisha ili kazi iendelee. Mwenzake huamua, papo hapo vile vile, kwamba injini imekwisha, akaagiza ishushwe. Wote wawili wamefikia uamuzi bila kupima chochote.

Matokeo yake tumeyaona. Greda la mkandarasi mmoja lililala uani wiki kadhaa katikati ya mvua, injini imefunguliwa na vipande vyake vimetandazwa juu ya turubai, huku malori ya mahindi yakikwama katika barabara ambayo greda hilo lilitakiwa kuichonga. Beringi zilikutwa nzima. Oili ilikuwa safi. Baadaye kabisa ndipo kijana mmoja wa umeme wa magari alipouona waya uliochunika kwa kusuguana na chuma nyuma ya injini. Kwa upande wa pili, lipo katapila lililoendelea kusukuma udongo siku mbili baada ya taa "kutengenezwa", hadi injini ikashikana. Safari hiyo taa ilikuwa ikisema kweli.

Desturi ya kunyamazisha taa ina chanzo chake. Katika mashine za zamani taa iliwashwa na swichi tu, na aghalabu ukichomoa waya ilizimika. Mashine za sasa zina kihisi cha mkandamizo, ambacho mafundi hukiita sensa (wala si ile ya kuhesabu watu), na ukikichomoa, kompyuta ya injini huandika hitilafu nyingine, na mashine nyingi hujipunguzia nguvu zenyewe.

Kihisi chenyewe si kitu cha kutisha. Kwa kawaida kina waya tatu: mmoja huleta umeme wa volti 5 kutoka kompyuta, wa pili huurudisha, na wa tatu hupeleka habari. Habari hiyo huwa karibu nusu volti pasipo na mkandamizo, nayo hupanda kuelekea volti 4.5 mkandamizo unapofika kilele. Waya ukikatika au ukigusa chuma, kipimo huanguka karibu na volti 0 au huruka karibu na volti 5, mahali ambapo kihisi kizima hakifiki. Kompyuta huitambua tofauti hiyo. Katika mashine zinazofuata kanuni ya mawasiliano iitwayo J1939, mkandamizo wa oili hutajwa kwa namba 100, kisha hufuata namba nyingine ndogo. Ikiwa ni 3, volti imezidi. Ikiwa ni 4, imepungua. Hapo zitazamwe waya, plagi na kihisi. Lakini ikiwa ni 1, kompyuta inakiamini kipimo, na kipimo kinasema mkandamizo umeshuka hadi kiwango cha hatari. Injini izimwe mara moja, mengine yatafuata.

Yasikitisha kwamba namba hiyo ndogo mara nyingi haisomwi. Fundi huambiwa "imeandika 100", naye akashika njia kwenda duka la vipuri.

Hata hivyo namba peke yake haitoshi. Geji ndiyo hukata shauri. Kiasi cha oili kikishaangaliwa, kihisi hufunguliwa, geji ya mshale ikafungwa mahali pake, injini ikawashwa kwa muda mfupi na mkandamizo ukalinganishwa na kitabu cha mashine. Geji na kompyuta zikipatana kwamba mkandamizo ni mdogo, fundi atafute filta iliyoziba, oili iliyochanganyika na dizeli, pampu iliyochakaa au beringi zilizolika. Geji ikionyesha mkandamizo wa kutosha, injini iachwe kama ilivyo, na fundi afuate waya. Hii ni kazi ya asubuhi moja.

Lipo na jaribio lisilohitaji hata kuwasha injini. Ufunguo ukigeuzwa tu, kihisi cha oili chatakiwa kuonyesha sifuri, na kihisi cha hewa ya turbo, kama ni cha kupima mkandamizo kamili, chatakiwa kuonyesha mkandamizo wa hewa ya mahali pale. Dar es Salaam, kando ya bahari, hiyo ni kilopaskali 101 hivi. Mbeya, iliyo juu kiasi cha mita 1,700, ni kama 82. Fundi wa Mbeya anayetupa kihisi kwa sababu hakikufika 101 ametupa kihisi kizima. Na zikijitokeza hitilafu za vihisi vitatu kwa pamoja, ni nadra vyote kufa siku moja. Mara nyingi huchangia umeme ule ule wa volti 5, na kimoja kilichopata shoti huwavuta wenzake chini. Vichomolewe kimoja kimoja huku volti ikiangaliwa, na mkosaji atajulikana kabla ya fedha kutumika.

Jambo moja zaidi, nalo ni la roho za watu. Wazee wa dizeli, ambao twawaheshimu, walizoea kulegeza bomba la nozeli injini ikiunguruma ili kujua silinda ipi imelala. Katika injini za sasa, ambazo nozeli zote hupata dizeli kutoka bomba moja la pamoja, mkandamizo hupita bar 1,000, na katika baadhi hupita 2,000. Dizeli ikichomoka hapo hupenya ngozi kama sindano, na mtu aweza kupoteza mkono. Desturi hiyo iachwe kabisa.

Hatuwalaumu mafundi peke yao. Fundi aliyepewa spana na nyundo, kisha akasimamiwa na mkubwa anayeuliza kila saa mashine itatoka lini, hana budi kubahatisha. Mashine hununuliwa kwa mamia ya mamilioni ya shilingi, lakini mchoro wa waya zake hufungiwa kabatini, na ufunguo wa kabati yuko nao mtu aliyekwenda likizo. Fungu la kununua geji na mita ya umeme hukosekana. Fungu la injini nyingine, sijui kwa miujiza gani, hupatikana.

Kwa hiyo twawataka wakandarasi, halmashauri zenye mitambo na wenye machimbo wahakikishe, kabla mvua hazijaanza, kwamba kila gereji ina geji ya oili pamoja na viungo vyake, mita ya volti, kifaa cha kusomea namba za hitilafu, na nakala ya mchoro wa waya wa kila mashine, iwekwe mahali fundi anapofanyia kazi. Na kila mashine iwe na daftari lake, ambamo mkandamizo wa oili utaandikwa siku injini ikiwa nzima, ili siku taa itakapowaka fundi awe na kipimo cha kulinganisha nacho.