Jina la Aliyeamua

Kila tunapokutana, iwe harusini Barking au kwenye hitima Leicester, maongezi huishia kwenye barua za serikali ya hapa Uingereza. Mwenzetu mmoja alitolewa kibali chenye tarehe ya kuzaliwa isiyo yake. Akapiga simu, aliyepokea ni mfanyakazi wa kampuni yenye kandarasi, akamwambia awaandikie wakala. Wakala wakajibu kwamba wao ni watekelezaji tu, utaratibu hupangwa na wizara. Mbunge akamuulizia wizarani, jibu likarudi: hilo ni la utekelezaji, waulizeni wakala. Miezi 11 mama wa watu hawezi kuajiriwa, na katika barua zote alizopokea hakuna hata moja yenye jina la mtu. Chini imeandikwa "timu".

Mzungusho huu una asili yake. Februari 1988 serikali ya Margaret Thatcher ilitangaza kuzitenga wizara na kazi za kila siku: waziri abaki na sera, kazi wapewe wakala wenye wakurugenzi, bajeti na malengo yao. Kufikia 1997 takriban robo tatu ya watumishi wa serikali kuu ya Uingereza walikuwa chini ya mpango huo. Katikati hapo, mwaka 1991, John Major alileta Mkataba wa Raia, tukaanza kuitwa wateja. Hatukatai kwamba yapo yaliyorahisika. Kodi ya gari leo mtu hulipa kwa simu akiwa sebuleni kwake.

Tulichopoteza ni mtu wa kumuuliza. Wafungwa watatu walipotoroka gereza la Parkhurst mwaka 1995, Waziri wa Mambo ya Ndani Michael Howard alimfuta kazi Derek Lewis, mkurugenzi mkuu wa magereza, akashikilia kwamba waziri anawajibika kwa sera, si kwa uendeshaji. Lewis akalalamika kwamba waziri huyohuyo alikuwa akijiingiza katika uendeshaji mara kwa mara. Kama wakubwa hao wawili hawakuweza kuelewana mpaka upo wapi, mtu mwenye barua mkononi ataujuaje?

New Zealand ilikwenda mbali zaidi ya Waingereza katika utengano huu, na huko watu walikufa. Aprili 1995 jukwaa la kutazamia mandhari pale Cave Creek liliporomoka na watu 14 wakapoteza maisha, wengi wao wanafunzi. Tume ya uchunguzi ikakuta lilijengwa bila mhandisi, kwa misumari mahali palipotakiwa bolti, na idara ya serikali iliyolijenga ikifanya kazi kwa fedha kiduchu. Hakuna aliyeshtakiwa. Waziri wa idara hiyo alijiuzulu mwaka uliofuata, na sheria ya kuwezesha taasisi za dola kushtakiwa kwa makosa ya namna hiyo ilipita 2002. Wazazi wa wanafunzi wale walisubiri miaka saba kuona sheria tu ikirekebishwa, na hilo linatuuma.

Watetezi wa mpango hutuambia Sweden nayo ina wakala wanaojitegemea tangu karne nyingi. Ni kweli. Lakini Sweden ina pia haki iliyoanzia sheria ya 1766, kwamba mtu aweza kwenda ofisi ya umma akaomba kusoma nyaraka. Uingereza ilichukua utengano ikauacha uwazi: sheria yake ya kupata taarifa ilitungwa 2000 na kuanza kutumika kikamilifu 2005, miaka 17 baada ya mpango kutangazwa. Ufaransa, tangu 2006, bajeti ya serikali hugawanywa kwa programu, na kila programu ina ofisa wake anayejulikana kwa jina. Ofisa huyo yuko juu sana, mwananchi hamfikii, lakini angalau jina lipo. Kwa hiyo si kwamba kumtaja mhusika hakuwezekani.

Ndugu zetu nyumbani hatuna haja ya kuwaeleza sana, maana Tanzania nayo ilifuata njia hiyo ikatunga Sheria ya Wakala wa Serikali mwaka 1997.

Tunataka barua inayomnyima mtu kazi, posho au makazi iwe na jina la ofisa aliyeamua, pamoja na namba anayoipokea yeye mwenyewe. Tumeyasema haya kwa wabunge, na tutayasema tena. Kibali cha mwenzetu hatimaye kimesahihishwa. Mshahara wa miezi 11 aliyokaa bure, hadi leo hakuna ofisi iliyokubali hata kulipokea dai lake.