Mto Katuma katika Maktaba ya Ughaibuni: Nani Ataisoma Ardhi ya Katavi?

Nilipokuwa nikiandika tasnifu yangu ya uzamivu katika mji mmoja wa Ulaya, ambako baridi humfanya mtu aipende maktaba kuliko chumba chake, nilipotea siku moja baina ya rafu za siasa na rafu za sayansi. Nikashika jalada moja la makala za jiolojia kwa kuvutiwa na ramani yake tu. Ndani ya ramani hiyo nilisoma maneno mawili yaliyonifanya nivute kiti niketi: Ubende na Katuma.

Katuma ni mto ambao bibi yangu alinikataza kuusogelea kwa sababu ya viboko. Ubende ni nchi ya Wabende, majirani zetu na wakwe zetu. Kumbe wanajiolojia wa dunia nzima, wawe Tokyo au Toronto, wanapoutaja ukanda wa miamba mikongwe unaoanza mashariki mwa Ziwa Tanganyika na kushuka kusini-mashariki hadi upande wa Malawi, huuita kwa jina la Ubende. Wameugawa katika vipande vinane, na majina yake yanasomeka kama orodha ya abiria wa basi la Mpanda kwenda Mbeya: Ubende, Wakole, Katuma, Ufipa, Mbozi, Lupa, Upangwa, Nyika.

Mimi nilimaliza sekondari bila kuyasikia hayo. Nilijua makaa ya mawe ya Ruhr, nilijua namna Mto Rhine unavyosafirisha mizigo, na katika mtihani niliichora kwa ustadi tabaka la miamba ya Milima ya Alps. Simlaumu mwalimu wangu. Alifundisha kilichoandikwa katika muhtasari, na muhtasari haukujua kwamba jiwe tulilolikalia wakati wa mapumziko lina umri wa karibu miaka bilioni mbili.

Mimi si mwanajiolojia. Ninafundisha mambo ya maendeleo na siasa zake, nami naandika kama mtu wa siasa. Hoja yangu leo ni kwamba suala la nani anasoma sayansi za ardhi, wapi, na kwa lugha gani, ni suala la madaraka kabla halijawa suala la sayansi. Anayeijua ardhi yako kuliko wewe atakupangia bei yake.

Historia ya Mpanda ni ushahidi wa kutosha. Mji wetu haukuzaliwa kwa pamba wala kwa tumbaku. Ulizaliwa kwa risasi, na hapa nasema madini ya risasi, si ya bunduki. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia, kampuni ya Uruwira Minerals ilichimba risasi iliyoandamana na shaba, fedha na dhahabu pale Mukwamba. Kwa ajili ya madini hayo serikali ya kikoloni ilijenga tawi la reli la kilomita 210 kutoka Kaliua, likafika Mpanda mwaka 1950. Mgodi ukafungwa mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Reli ilibaki, mji ulibaki, mashimo yalibaki. Waliokuwa na maarifa ya mwamba ule waliondoka nayo, na waliobaki walikuwa watu waliofundishwa kubeba mawe, si kuyasoma. Nilipokuwa mtoto, vipande vya mawe mazito yenye kung'aa vilitumika majumbani kuzuia mlango usigongwe na upepo. Hakuna aliyetuambia kwamba jiwe lile linaitwa galena.

Nenda leo katika machimbo madogo ya dhahabu yanayoizunguka Mpanda uone jinsi urithi huo unavyoendelea. Mtoto wa shangazi yangu, kijana mwenye nguvu na akili kuliko mimi, alichimba duara kwa miezi minane pamoja na wenzake. Walikopa chakula, wakakopa mafuta ya jenereta, wakauza ng'ombe wawili. Walikuwa wakiufuata mwamba mweupe ambao juu ulikuwa na dhahabu. Walipofika chini ukapotea ghafla, kana kwamba umekatwa kwa kisu. Wakasema ni mkosi, wakahama. Miaka michache baadaye rafiki yangu mwanajiolojia aliingia katika duara lile lile, akatazama ukuta kwa tochi kwa muda wa robo saa, akaniambia: "Hapa pana ufa. Kipande cha upande huu kimeteleza. Mwamba wao haukuisha, umehamia upande wa pili." Robo saa, kwa miezi minane na ng'ombe wawili.

Sitaki kumdanganya msomaji kwamba jiofizikia ni ramli mpya. Hakuna chombo kinachosimama juu ya ardhi kikasema dhahabu iko hapa. Vyombo hupima tabia za mwamba: usumaku wake, uzito wake, namna unavyopitisha umeme au mtikisiko, mionzi inayotoka ndani yake. Mpimaji husoma tabia hizo, kisha huhukumu. Mfano ulio karibu nasi zaidi ni visima. Mafundi huchomeka vyuma vinne ardhini, hupitisha umeme katika viwili vya nje na kusoma viwili vya ndani, kisha huvitanua mbali zaidi ili kusikia kina kirefu zaidi. Mwamba mkavu hukataa umeme, mwamba wenye maji huupokea. Lakini udongo wa mfinyanzi nao huupokea, na udongo huo hautoi maji hata ndoo moja. Kutofautisha hivi viwili ndiko kusoma. Ndiyo maana kijiji kinaweza kuletewa gari, mashine na mkandarasi, picha zikapigwa, kisha kisima kikatoa vumbi. Mashine ilipima sawasawa, lakini aliyeisoma hakuwa amefundishwa vya kutosha, au hakuwapo kabisa.

Wizara ya Madini, katika dira yake ya 2030 iliyopewa kaulimbiu ya Madini ni Maisha na Utajiri, ilieleza kwamba ni takriban asilimia 16 tu ya nchi yetu iliyokwisha kupimwa kwa ndege kwa jiofizikia ya kina, na ikaweka lengo la kufika asilimia 50. Msomaji aliye mtumishi wa umma atakumbuka kwamba asilimia 16 hiyo hiyo ndiyo kiwango cha chini cha hisa ambazo Serikali huzipata bila malipo katika migodi mikubwa tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017. Ni sadfa tu ya tarakimu, ila hunichekesha. Tulipigana kwa haki kabisa kuhusu hisa za kile kinachojulikana. Kuhusu kile kisichojulikana, ambacho ndicho kingi zaidi, hatukupaza sauti. Lengo la asilimia 50 ni jema, lakini ndege hurusha vipimo kwa miezi, na kuvisoma huhitaji watu kwa miongo. Watu hao watatoka wapi?

Naomba nisimulie jambo jingine, maana Katavi si madini peke yake. Jumatatu alasiri, tarehe 5 Desemba 2005, nilikuwa nyumbani Mpanda. Sufuria zilianza kucheza jikoni, mbwa wakakimbilia barabarani, kisha ardhi ikapita chini ya miguu yetu kama zulia linalovutwa. Lilikuwa tetemeko la ukubwa wa 6.8, na kitovu chake kilikuwa katika Ziwa Tanganyika. Ng'ambo, katika mji wa Kalemie nchini Kongo, nyumba zilianguka na watu wakafa. Jioni wazee walikusanyika kwetu, na baba yangu mkubwa akanigeukia mbele ya watu wote: "Mwanangu, wewe uliyekwenda chuo, hebu tueleze, ni nini hiki?" Nilikuwa na shahada. Nilisema maneno mawili matatu kuhusu mabamba ya dunia, nikanyamaza. Mzee akaitikia kwa adabu, na aibu ile ninayo hadi leo.

Leo ningeweza kumjibu, lakini hayupo. Ningemwambia kwamba ule ukanda wa Ubende, uliosukwa karibu miaka bilioni mbili iliyopita, ni kama kovu la zamani katika mwili wa bara. Bara lilipoanza kuchanika upya, halikuchagua mahali pazima, lilifuata kovu. Ndiyo maana bonde la Ziwa Rukwa limelala katika mwelekeo ule ule wa miamba ya kale. Ningemwambia kwamba mtafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Nelson Boniface, pamoja na wenzake, waliandika mwaka 2012 kuhusu miamba ya ukanda huu iliyokuwa sakafu ya bahari, ikazamishwa kina kirefu na kurudi juu, na kwamba miamba ya namna hiyo yenye umri huo ni adimu duniani. Na ningemwambia kwamba tarehe 13 Desemba 1910, pengine babu yake akiwa hai, eneo la Rukwa lilitikiswa na tetemeko linalokadiriwa kuwa la ukubwa wa 7.4, kubwa kuliko yote yanayojulikana katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki kwa karne nzima ya 20.

Wakati huo nyumba zilikuwa za miti na nyasi. Leo Mpanda ni manispaa, na tunajenga kwa matofali, orofa juu ya orofa. Kagera ilitufundisha Septemba 2016 kile ambacho tetemeko dogo zaidi, la 5.9, linaweza kuifanyia nyumba ya matofali isiyofungwa vizuri. Ni wangapi kati ya wanaotoa vibali vya ujenzi katika mikoa ya Katavi na Rukwa wamewahi kuusikia mwaka 1910?

Hata gesi ya heliamu, ambayo mwaka 2016 watafiti wa vyuo vikuu vya Oxford na Durham waliitangaza kuwa iko kwa wingi katika bonde la Rukwa, ni hadithi ya miamba hii hii. Urani na thoriamu katika mwamba mkongwe huzaa heliamu polepole kwa mamilioni ya miaka, na joto la ufa huifungua ipande. Hospitali za dunia huitumia kupoza mashine za MRI. Sampuli zilichukuliwa kutoka katika mapovu ya chemchemi za maji moto, zile zile ambazo watu wetu huoga na kuzisimulia.

Najua jibu la wanafunzi, maana hunijia ofisini nalo: "Daktari, nikisoma jiolojia ajira iko wapi?" Swali ni halali na sitalijibu kwa hotuba. Wapo wahitimu wa jiolojia wanaoendesha bodaboda. Kampuni za utafiti huajiri kwa msimu, Serikali hutoa vibali vichache. Lakini tazameni muundo wenyewe. Halmashauri ina afisa kilimo, afisa mifugo, afisa misitu na afisa nyuki, lakini mwanajiolojia si sehemu ya kawaida ya watumishi wake. Afisa Madini Mkazi yupo Mpanda, na kazi yake kubwa ni leseni, mirabaha na usalama. Kwa hiyo tuna ardhi yenye dhahabu, ufa, maji yaliyojificha na bandari mpya pale Karema, kando ya ziwa linalopanda na kushuka. (Wabelgiji walijenga kituo chao Karema mwaka 1879 karibu na maji. Mto Lukuga ulipofunguka upande wa Kongo, ziwa likashuka takriban mita 10 katika miaka iliyofuata, nao wakabaki wakilitazama kwa mbali.) Kazi zipo. Kisichokuwapo ni ikama.

Mwenzangu mmoja wa idara alinipinga kwamba Katavi inahitaji walimu na zahanati kwanza. Nilimuuliza zahanati hizo zitapata maji wapi, naye akacheka, tukaendelea kubishana hadi chai ikapoa. Hakukubali yote, nami namheshimu kwa hilo.

Ninachopendekeza si chuo kikuu kipya. Kampasi ya Mizengo Pinda ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo tayari iko mkoani. Inafundisha mambo ya kilimo na nyuki, na udongo ni mwamba uliokwisha kuchoka. Ianze na kozi fupi za Kiswahili kwa wachimbaji wadogo na mafundi visima: namna ya kuutambua ufa, namna ya kusoma kipimo cha umeme. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, ambayo mizizi yake iko Dodoma tangu 1925, ina ramani na ripoti za miaka mingi. Nakala za zile zinazoihusu Katavi ziwekwe Mpanda, mahali ambapo mtu aliyevaa kandambili anaweza kuingia bila kuulizwa barua ya utambulisho. Na wakuza mitaala waweke Ubende katika kitabu cha jiografia, hata kama itawalazimu kumpunguzia mwanafunzi kurasa mbili za Ruhr.

Ramani ile ya ughaibuni nilitoa nakala. Sasa imebandikwa sebuleni kwa shangazi, Mpanda, juu ya kabati la vyombo. Mwezi uliopita yule binamu yangu wa duara alisimama mbele yake kwa muda mrefu, kidole chake kikifuata mstari mwekundu uliopita karibu na machimbo yao ya zamani. Akaniuliza mstari ule ni nini. Nikampa namba ya simu ya rafiki yangu mwanajiolojia.