Kupamba Nyumba Nako Kunasomewa



Msimu wa harusi ukifika, kila mtaa una binti wake anayeitwa. Yeye ndiye anayejua pazia gani liende na zulia gani, kitanda kikae upande upi, na taa ipi itakituliza chumba. Anapamba chumba cha bibi harusi mpaka wageni wakiingia wanasema mashaallah. Jioni anapewa ahsante na sahani ya biriani, anarudi kwao. Lakini binti huyohuyo akimaliza skuli na kusema anataka kwenda chuo kusomea ubunifu wa ndani ya nyumba, ukoo mzima unacheka. "Kupamba nako kunasomewa?" Anaambiwa achague ualimu au uuguzi, basi.

Ualimu na uuguzi ni kazi za heri, na tunazihitaji. Lakini sisi tunasema kupamba nako kunasomewa, na mwenye kipaji hicho apelekwe chuo kama wenzake.

Tuanze na hesabu ndogo. Maharusi wengi wanaanza maisha katika chumba cha futi 10 kwa 10. Tunanunua kitanda cha sita kwa sita, maana ndicho kinachoonekana cha harusi. Zimebaki futi 4. Mbele yake tunaweka kabati lenye kina cha futi 2. Zimebaki 2, na mlango wa kabati ukifunguliwa unazimaliza. Hapo dresingi tebo haijaingia, mswala haujapata pa kutandikwa, na mwakani inshaallah kuna kitanda cha mtoto. Pesa za mahari zimekwisha, na bibi harusi anapita ubavu ubavu chumbani mwake mwenyewe.

Aliyesoma anayaona yote haya kwenye karatasi kabla shilingi haijatoka. Anapima chumba, anakichora, anaangalia dirisha na swichi ziko wapi. Atakwambia uchukue kitanda cha tano kwa sita na kabati la milango ya kusukuma. Atakumbuka kuwa Kibla chetu hapa visiwani kiko kaskazini, akuachie nafasi ya kusali upande huo. Kipaji kinachagua rangi nzuri, lakini vipimo vinataka kufundishwa.

Na chuoni hawafundishi kufunga mapazia. Mwanafunzi anajifunza kuchora kwa mkono na kwa kompyuta, kusoma ramani ya nyumba, kupanga mwanga na hewa, kujua mbao na vitambaa, usalama wa umeme na moto, kukadiria gharama, na historia ya majengo. Wala si lazima aende Uturuki au Dubai. Chuo Kikuu Ardhi, Dar es Salaam, kina shahada ya fani hii, ng'ambo tu hapo kwa boti.

Sababu yetu ya pili ni stara. Surat An-Nur imetufundisha kuomba ruhusa kabla ya kuingia nyumba za watu, na imetaja nyakati tatu za faragha hata kwa watoto wa ndani. Wazee wetu waliyatia mafunzo hayo kwenye kuta. Angalieni Mji Mkongwe, ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na mji wa Lamu uliofuata 2001. Mgeni wa kiume alipokewa barazani au sebuleni, na pa wanawake palikuwa ndani zaidi. Upana wa chumba ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kiasi cha mita 3 hivi. Kuta nene za mawe na chokaa zilipunguza joto, na zidaka za ukutani zilibeba vyombo bila ya kula nafasi. Huo ulikuwa ubunifu wa ndani, tena wetu.

Leo tunajenga nyumba ambayo mlango wa mbele ukifunguliwa mgeni anaona mpaka jikoni, na mama mwenye nyumba anakimbilia mtandio. Pazia moja linatundikwa kuziba kosa la ukuta. Mbunifu wa kike anayeijua dini yake angeliona hilo mapema. Tena yeye anaweza kuingia chumbani, akakaa na mama wa nyumba, akamuuliza anapikaje, analala wapi mtoto, wageni wa kike wanakaa wapi. Mambo hayo wengi wetu tunaona haya kumwambia mwanamme tusiyemjua.

Tunayasikia na maneno ya upande wa pili. Wapo wanaosema kazi hii inakaribisha israfu. Ni kweli ipo israfu kwenye mapambo yetu, na nyingi inatokana na kununua bila ya kupima. Aliyefundishwa kukadiria gharama ndiye atakayekwambia kuwa kasha la bibi yako likisuguliwa vizuri linatosha, hapana haja ya jipya.

Wapo wanaohofia binti kwenda Dar peke yake. Hofu ya mzazi tunaiheshimu. Lakini mbona wa udaktari na wa sheria tunawavusha? Atafutiwe mahali pa kukaa penye amani, jamaa wa kumwangalia, na wenzake wa kusali nao, kama tunavyowafanyia hao. Na akihitimu, kazini na mafundi wanaume ataingia na hijabu yake na adabu yake, na ndugu yake akiweza amsindikize.

Wapo wanaouliza ajira iko wapi. Hapa hatutawadanganya: mshahara wa kila mwezi si wa uhakika, na wengi watajiajiri. Lakini tuangalie kisiwa chetu, mahoteli na nyumba za wageni zilivyojaa pwani. Kila moja ina vyumba vya kupangwa. Fundi wetu wa mbao yupo, mama anayesuka ukili yupo. Tunataka na anayechora chumba, akaamua kazi za hao ziwekwe wapi, awe mtoto wetu.

Basi wazazi, binti anayependa kuchora msimkataze, na hisabati asiiache, ataihitaji. Mabibi harusi, takeni mchoro wa chumba kabla ya kwenda kununua kitanda. Na yule binti wa mtaani anayewapambia, mlipeni pesa yake mkononi. Huenda ndiyo ada yake ya chuo.

Allah awafungulie mabinti zetu milango ya elimu yenye manufaa, na azijaalie nyumba zetu ziwe za utulivu na stara. Amin.