SAUTI YA GOKU NI YA BIBI, HALAFU MNAWAFUKUZA MABINTI KWENYE ANIME

Wadau wa anime wa Temeke, Kinondoni na kote mnakonisoma, leo sitawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Kuna ukurasa mmoja mkubwa wa anime hapa mjini, jina nauhifadhia. Juzi wameweka orodha ya "wanawake kumi bora wa anime". Nikafungua nikitegemea hoja. Hamna hoja. Namba moja Tsunade, na maelezo yote ni kifua. Namba mbili Nico Robin, maelezo ni mapaja. Dada mmoja akauliza kistaarabu, mbona hakuna hata mstari mmoja wa walichofanya? Admini mwenyewe akamjibu kwamba anime ni ya wanaume, yeye arudi kwenye tamthilia za Kituruki. Vicheko kibao, na wale wanaojiita mashabiki wa kweli wakaongezea matusi.

Haya, tuanze na hiyo "anime ya wanaume".

Sauti ya Goku kwa Kijapani ni ya mwanamke. Anaitwa Masako Nozawa, kazaliwa 1936, na Goku amemshika tangu 1986. Gohan ni yeye, Goten ni yeye. Naruto ni Junko Takeuchi, mwanamke, tangu 2002. Luffy ni Mayumi Tanaka, mwanamke, tangu 1999. Ukikimbilia Kiingereza napo hutoki, kwa sababu Naruto wa Kiingereza ni Maile Flanagan, naye ni mwanamke. Kwa hiyo kaka, zile kelele unazoziigiza kijiweni umekunja ngumi, unamwigiza bibi wa watu.

Tuje kwenye kalamu. Fullmetal Alchemist, ile ambayo ukitaka kuanzisha ugomvi kijiweni sema ni mbaya, imeandikwa na kuchorwa na Hiromu Arakawa kuanzia 2001 hadi 2010. Ni mwanamke, kakulia Hokkaido kwenye familia ya wafugaji wa ng'ombe wa maziwa. Inuyasha ni ya Rumiko Takahashi, mwanamke, ambaye 2019 alipewa tuzo kubwa kuliko zote kwenye tamasha la vibonzo la Angoulême kule Ufaransa. Hao ndio mnawaambia warudi kwenye tamthilia?

Sasa kuhusu hiyo orodha. Tsunade ni Hokage wa tano. Ni tabibu, na ndiye aliyepigania kila kikosi kinachoenda vitani kiwe na tabibu wake. Mtu aliyewahi kukaa na mgonjwa kwenye foleni ya zahanati tangu alfajiri anajua uzito wa hoja hiyo. Robin alikuwa na miaka minane serikali ilipoweka beri milioni 79 juu ya kichwa chake, kisa anaweza kusoma maandishi waliyoyakataza. Kisiwa chao kikateketezwa, akakua anakimbia peke yake. Hadithi yote hiyo, wewe umeona mapaja.

Kwangu mimi namba moja ni Izumi Curtis wa Fullmetal. Ndiye aliyewafundisha Edward na Alphonse, anapiga majitu yenye silaha, halafu akiulizwa yeye ni nani anajibu kwamba ni mama wa nyumbani tu. Wanawake wa hivyo huku kwetu wamejaa. Wanaamka saa kumi alfajiri kukaanga vitumbua, wanasomesha watoto watatu, na kwenye fomu ya shule panaandikwa "mama wa nyumbani". Arakawa anawajua watu wa namna hiyo, ndiyo maana kamchora akiwa mtu kamili. Yule admini hata orodha yenyewe hakumuweka.

Mtasema, "Wajapani wenyewe ndio wamewachora nusu uchi, sisi tunaangalia tu." Kweli, wapo wanaochora hivyo kwa makusudi, na biashara inawalipa. Lakini mchoraji kukuwekea mtego hakukulazimishi kuingia mguu mzima. Sakura alipambana na Sasori bega kwa bega na bibi Chiyo mpaka wakamshinda. Hilo nalo lilichorwa, mbona hamlipostí?

Mtasema pia ni utani. Sawa, sasa sikieni utani wenu unafanya nini.

Kuna binti wa Mbagala namfahamu, jina simtaji. Anachora kwa penseli na karatasi za stashonari, anapiga picha kwa simu, anaposti. Mkono wake ni balaa. Alipokuwa anatumia jina lake, komenti zilikuwa "weka sura yako kwanza" na "nani kakuchorea?" Akafungua akaunti nyingine yenye jina la kiume. Michoro ile ile, mkono ule ule. Sasa hivi ni "fundi", "noma sana mwanangu", na wapo waliomlipa awachoree picha za wasifu. Baadhi yao ni wale wale waliomtukana mwanzo, hawajui.

Sasa rudini kwa Arakawa. Jina lake la kuzaliwa ni Hiromi. Kwenye kazi akawa Hiromu, jina linalosikika la kiume. Zaidi ya miaka 20 imepita tangu aanze Fullmetal, na binti wa Mbagala bado anapita mlango ule ule wa uani. Tofauti ni kwamba Arakawa alikuwa na magazeti ya kumchapisha. Huyu wa kwetu ana bando la wiki na sisi. Tukimkatisha tamaa sisi, hana pengine pa kwenda.

Na tusijifanye ugonjwa huu umeletwa na meli kutoka Japani. Wakongwe wa gazeti la Sani mnawakumbuka Ndumilakuwili, Lodilofa, Madenge, Pimbi. Haya, nitajie haraka mwanamke mmoja wa mule kwa jina. Muvi za kutafsiriwa tunazoingiziwa kwenye flashi, jamaa mmoja anatoa sauti ya jambazi, ya mama mjamzito na ya mtoto mchanga. Kule bibi anakuwa Goku, huku hata mama mjamzito kapewa sauti ya dume.

Na siyo kwamba hatuwezi. Akili and Me imetengenezwa na Ubongo hapa hapa Dar, na shujaa wake ni mtoto wa kike wa miaka minne. Sijawahi kusikia mtoto wa kiume akigoma kuangalia eti kwa sababu Akili ni msichana. Ujinga huu tunaupatia ukubwani, vijiweni na kwenye kurasa kama ile.

Kwa hiyo admini, ukipanga tena wanawake bora, andika walichofanya. Dada akiuliza swali, jibu swali. Na ukiona mchoro mkali, usifu mchoro kabla hujauliza mwenyewe ni nani, maana inawezekana hata huyo "fundi" wako unayemshea kila wiki anasuka nywele.

Povu ruksa hapo chini. Ila kabla hujaanza, nitajie mhusika wako wa kike namba moja na kitu alichokifanya. Ukishindwa, pita kimya kimya.