Habari Iliyofichwa Nusu

Katika Suratul Hujuraat, aya ya 6, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametuamrisha waumini tuichunguze habari ya fasiki tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Wengi huisoma aya hii wakimfikiria mwongo peke yake. Wanazuoni wa Hadithi walimchunga pia mudallisi, ambaye pengine hasemi uwongo, ila hulifunika jina la aliyemsimulia. Riwaya yake hawakuipokea mpaka aseme wazi: nimesikia kwa fulani.

Maradhi ya vyombo vyetu vya habari, hasa vya umma, yanakaribia hayo. Kila neno laweza kuwa kweli, lakini msikilizaji haambiwi ni nani hakuulizwa. Na anayeuleta upande wa pili hufungiwa: Dira kule Zanzibar mwaka 2003, Mawio na MwanaHalisi mwaka 2017, leseni zisirudishwe hadi Februari 2022.

Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ikazimwa nchi nzima. Hapa Chole tukabaki na redio, na maneno ya abiria washukao mashuani kutoka Utende. Wengi waliwasadiki abiria. Hatuwalaumu, redio ilikwisha kujivunjia amana yake zamani. Ila abiria naye, kwa kanuni ile ile, habari yake ina majhuli: hajulikani alimsikia nani, na msikitini maneno yake yalikuwa yameshaongezwa chumvi kabla ya Isha.

Tunachowadai wahariri si kikubwa. Watutajie nani hakuhojiwa, na kwa nini.