Utani Usingoje Msamaha wa Mkubwa



Huku Maskati, Siku ya Taifa au Idi ikikaribia, watu husubiri tangazo la Sultani kusamehe wafungwa. Jambo jema hilo; nani asiyependa mtu arudi kwa wanawe? Machi 2013 Sultan Qaboos aliwasamehe hata waliofungwa kwa kumkashifu yeye mwenyewe. Lakini mimi najiuliza: kama neno la mtu linasameheka, kulikuwa na haja gani ya kumfunga?

Tuje nyumbani. Tarehe 9 Desemba 2017, Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Siku hiyo aliwaachia pia wanamuziki Babu Seya na Papii Kocha, waliokuwa na kifungo cha maisha kwa hatia ya kubaka watoto. Mei 2020, mchekeshaji Idris Sultan akakamatwa baada ya kujirekodi akiicheka picha ya zamani ya Rais huyo huyo. Alipofikishwa mahakamani, shtaka likawa eti laini ya simu yenye jina la mtu mwingine! Jamani, huruma imfikie mfungwa wa maisha, mcheshi impite?

Na hata msamaha ungemfaa nini? Ibara ya 45 ya Katiba ya Tanzania inahusu aliyekwishatiwa hatiani. Hasara ya mchekeshaji huanza kabla ya hapo. Wengi hawana mshahara. Wanalipwa kwa shoo. Akilala mahabusu wiki nzima, shoo imempita na mwenye ukumbi keshaita mwingine. Akitoka anapima kila neno: hili si litanirudisha polisi? Utani wa woga hauchekeshi mtu, bwana.

Naona msamaha ubaki kwa makosa ya kweli, tena kwa utaratibu. Kenya, kwa Ibara ya 133, ina kamati ya kumshauri Rais. Ama utani, dawa yake ni kufuta sheria zinazofanya kicheko kuwa jinai. Mnaosoma sheria, kazi hiyo hapo.

Na sisi tuanze kwetu. Usiku wa Afrika ukifika, tusimwambie mchekeshaji alete vichekesho vyake vikaguliwe kwanza eti balozi atakuwepo. Tumpe kipaza sauti. Balozi naye ana meno, acheke.